Kinu cha Kijani

Alikuja na barua ya chuo cha sanaa na masanduku mawili.
Thenmozhi: jina lilitushinda mdomoni,
mtaa mzima wa Kenya ukamwita Mama Temozi,
naye akaitika, kama mtu aliyepewa shuka lisilo lake
akajifunika tu, maana Juni ya Lubumbashi ina baridi.

Rangi za kopo hakuzitaka.
"Nionyeshe jiwe," alisema kwa Kifaransa kilichovunjika.
Changu kilivunjika upande mwingine;
tulikutana kwenye vipande.

Nikampeleka kwa Monga, mchonga malakiti.
Alimpita mamba, akampita tembo, akaipita ramani ya nchi,
akainama chini ya meza kwenye mabaki:
kilo tatu za vigae. Monga anacheka mpaka leo.

Kinu nyumbani kilikuwa kimoja, cha sombe.
Mama alikuwa sokoni.
Tukajifunga vitambaa puani, tukatwanga,
yeye mpigo, mimi mpigo,
vumbi likapanda, likakaa kwenye kope zake, kwenye kucha zangu,
na mimi nikauacha mchi hewani.

Rangi ile naijua.
Ndiyo iliyorudi nyumbani kila jioni kwenye kola ya baba,
baba wa mashine ya kusaga mawe,
ikalala katika mikunjo ya shingo yake,
ikakohoa naye usiku.
Mama alilifua shati lile hata baada ya mazishi.
Maji yalikataa kuwa meupe.

Nikamweleza. Sijui alielewa nini.
Kisha swali la kijinga likanitoka:
na wewe, picha zako zinatoka wapi?

Hakujibu. Alichota konzi ya unga wa bukari
akapiga magoti kizingitini,
akadondosha nukta, nukta, nukta,
halafu mstari mmoja ukazizunguka zote
bila kugusa hata moja, ukarudi ulikoanzia.

"Mama yangu, Madurai. Kila alfajiri, kabla ya muuza maziwa.
Unga wa mchele.
Saa sita mchana miguu imeufuta,
baiskeli zimeufuta, siafu wameushiba.
Hakulia hata siku moja. Kesho yake anachora tena.
Aliyelia ni mimi.
Ndiyo sababu nachora kwa jiwe."

Mama akaingia na beseni kichwani.
Akatazama unga. "Wa faranga ngapi huu?"
Lakini akavua kandambili, akaruka mstari kwa hatua ndefu
kama anavuka mfereji wenye mtu amelala.
Kisha akakiona kinu.
Hapo maneno yalikuwa mengine, siyaandiki.

Septemba, maonyesho. Glasi, mabwana, kipaza sauti.
Mwandishi wa habari akamwuliza lile lile swali langu
naye akajibu vizuri sana:
mwanga wa Afrika, ukarimu wa watu, udongo mwekundu.
Nikamtafuta jicho. Alikuwa anatazama viatu vyake.
Nyuma yake, ukutani, turubai la mita mbili:
kijani, kijani, kijani,
na karibu na ukingo wa juu, kola.
Kola tu. Imefungwa kifungo, haina shingo.

Mama alisimama mbele yake mpaka wakazima taa.
Hakusema ni nzuri. Alisema,
"Kifungo cha pili kilikuwa kimekatika.
Angeniuliza."

Picha imekwenda kwao kwa ndege, imefungwa kwa mbao.
Kwa hiyo sasa, mahali fulani Madurai,
sebuleni mwa watu nisiowajua,
baba yangu anakohoa kwa kijani
na wageni wanasifu rangi.

Sisi tumenunua kinu kingine.
Kile cha zamani kiko nje, chini ya bomba la paa;
mvua ya kwanza imekijaza.
Asubuhi nilimkuta mama amekiinamia,
mkono mmoja ndani ya maji,
na chini, kizingitini,
unga kidogo, nukta tatu,
zimepinda.