Roda ya Tatu

Venisi, wakati wa kanivali

Majira kumi na moja ya baridi
nimeizungusha bahari nisiyopata kuiona.
Vifua wazi, chini ya mbao, sisi kumi na sita
wa kuazimwa kutoka karakana ya merikebu:
filimbi moja, sukuma mhimili;
filimbi mbili, achia.
Juu huko, walituambia, mji unageuka msitu
na msitu unageuka Jehanamu
kabla mtu hajamaliza chafya yake.
Sisi tuliona vumbi, na nyayo za miungu
zikipita katika nyufa.

Ndipo goti langu likateguka.
Menego Brusaferro, bahili wa hata kipisi cha mshumaa,
akanitupia ufunguo:
"Ghorofa ya tano, Zorzi, ubavuni kabisa. Usiteme mate."

Kwanza nilicheka.
Mtaa wa mfalme ulikuwa umepinda,
madirisha yameegemeana kama walevi wa alfajiri.
Mchoraji aliupimia jicho moja tu,
la yule aketiye katikati, kwenye kiti cha mahameli;
sisi wengine, kila mtu na upogo wake.

Kisha filimbi.
Nguzo tano zilizosokotwa, buluu na fedha,
zikaanza kujiviringisha,
na, Mungu anisamehe, nilishika ukingo
nisije nikalowa.
Ile ya pili niliiziba ufa mimi mwenyewe, kwa lami.
Lakini ilikuwa bahari.
Mjane aliyekaa kando yangu akasahau chungwa
nusu limemenywa, maji yakimtiririka kiganjani.

Halafu, chini ya vinanda: kriii. Kriii.
Roda ya tatu, upande wa kushoto. Kavu.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
mimi nimekilalia, na aibu ikanipanda masikioni.
Donge la shahamu lilikuwa mfukoni mwangu,
likiyeyuka kwa joto la paja,
ghorofa tano mbali na kazi yake.

Mjane akaniinamia:
"Umesikia? Hata shakwe
wamewakumbuka."

Jumatatu nilishuka nikichechemea.
Nikapaka shahamu roda ya kwanza, ya pili,
ya nne, ya tano, mpaka ya kumi na mbili.
Kijana aliyeshika zamu yangu akauliza kama nimezeeka,
maana kuna moja nimeiruka.
Nikamwambia asubiri filimbi.