Ufunguo wa Saba

Chema chajiuza, husema watu.
Basi nyumba ya mama ingejiuza yenyewe,
ingeshuka ngazi mia na kumi na mbili za kilima hiki cha Valparaíso
ikasimame bandarini, bei kifuani.
Haikushuka.
Tukaita madalali.

Wa kwanza, Don Renato.
Manukato yake yalifika kabla yake
na yalikaa siku mbili baada yake.
Alisifu dirisha. Alisifu mabati ya ukutani,
yaliyopakwa njano mwaka nilioolewa.
Alisifu hata ukungu wa bafuni, akauita historia.
Kisha akataja bei
ambayo kaka yangu Eladio aliiandika kiganjani
kama kijana aliyepewa namba na msichana.
Mimi nilitazama viatu:
havina vumbi hata chembe.
Teksi ilikuwa ikimngoja juu, injini ikinguruma.

Wa pili alikuja na mashine ya kupimia.
Kidoa chekundu kikatambaa ukutani,
kikapita juu ya paji la uso la marehemu baba, pichani,
bila kuomba radhi.
Alipokea simu nne. Ya tano aliikata,
akajiona amenitendea wema.
"Nyumba kama hizi," akasema, "ninazo thelathini."
Mimi ninayo moja.

Sijui kuchagua dalali. Nani alinifundisha?
Najua kuchagua tikiti: unaligonga, unasikiliza.
Najua kitambaa, nimeshona miaka arobaini:
unakigeuza upande wa ndani,
maana ule wa nje umeshaandaliwa kukudanganya.
Nikamngoja atakayeigeuza nyumba.

Yolanda Quilodrán alichelewa.
Lifti ya kilima ilikuwa imeharibika tena;
alipanda kwa miguu, akafika akihema,
akaomba maji kabla ya kusema jina.
Kisha akatoa gololi mkobani,
akaiweka sakafuni, katikati ya sebule.
Ikafikiri kidogo.
Ikaondoka polepole, ikapita meza, ikapita kiti cha mama,
ikaenda kugonga kona ya kaskazini, ko,
pale tulipolisogezea kabati mwaka wa tetemeko
ili tusiuone ufa.
"Kabati hili," akasema, "tulisogeze?"

Tulilisogeza watu watatu, mmoja kanuna.
Aliingiza mkono ufani hadi kifundoni.
Akauliza jua la Juni huingia saa ngapi,
na mbwa wa jirani hunyamaza lini.
Bei yake ilikuwa robo tatu ya ile ya manukato.
"Ufa nitamwonyesha kila atakayekuja.
Mkitaka ufichwe, mtafuteni mwenzangu."
Eladio akafunua kiganja:
jasho limeshafuta tarakimu mbili.

Miezi mitano hakuna aliyenunua.
Nalo hilo silifichi.
Usiku nilimlaani yeye na gololi yake.
Eladio alipiga simu mara moja tu,
akauliza, "Vipi, ukweli umeuzika?"
akakata.

Mwezi wa sita akaja fundi wa piano na binti zake.
Wakaonyeshwa ufa kwanza, bahari baadaye.
Yule mdogo akaomba gololi,
akaiachia mara tisa, akicheka kila ilipogonga.
Baba mtu akauliza kuziba ni kiasi gani;
Yolanda akatoa karatasi ya mwashi,
imekunjwa mara nne, imeshaanza kuchakaa kwenye mikunjo.

Siku ya kukabidhi nilimpa funguo sita.
Akazihesabu. Akanitazama. Akatia sahihi.
Ule wa saba, wa mlango wa uani,
ulikuwa ndani ya soksi yangu, wa baridi kama samaki.
Hakusema neno.
Nikadhani nimempata.

Jumapili jioni simu ikalia.
"Ismenia, wanahamia kesho.
Kaa nao na usiku wa leo.
Asubuhi nitaupitia."

Akaja kwa ngazi, polepole,
ingawa lifti ilikuwa imeshatengenezwa.