Matundu Saba

Udongo wa Ntyuka hauna haraka.
Miezi minane unakaa kimya kama deni,
mwekundu, midomo imepasuka,
nasi tunanunua maji ya boza kwa pipa,
tunaosha vyombo, yale yale tunamwagia mchicha,
na mchicha wenyewe tunauomba radhi.
Nani basi angeniambia niogope maji?

Kiwanja changu kimelala ubavu.
Juu ni mlima, chini ni kwa Mama Nyemo,
kati yetu kimo cha mtu na nusu
kilichokatwa na katapila
asubuhi moja, kabla chai haijapoa.

Fundi Ndahani alikuja na baiskeli, pimamaji na uzi.
Akachutama. Akaokota donge, akalitemea mate,
akalikanda kwa vidole viwili.
"Huu unameza," akasema. "Ukishiba, unasukuma.
Tuache matundu, mama. Bomba la inchi mbili
kila baada ya hatua mbili, na kokoto nyuma yake.
Ukuta usipokojoa, utapasuka kibofu."

Nilicheka. Halafu nikakasirika.
Nimekopa vikoba, nimeuza cherehani,
nimelipia mawe tripu nne,
ili nijengewe chujio?
Nilitaka ukuta laini, wenye lipu, rangi ya krimu,
apitaye barabarani aseme: pale anakaa mtu.
Nikamwambia, ziba.
Akaziba. Hakubishana.
Jioni alikunja uzi wake taratibu mno.

Wahenga, mlisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Mimi niliziba kila ufa.
Nimejenga ukuta mara mbili.

Januari, usiku wa tatu wa mvua.
Hayakuwa mafuriko. Hakuna mto uliopita kwangu.
Hilo nataka lieleweke:
maji hayakuja na kelele yakagonga mlango.
Yalizama tu, nyuma ya lipu yangu,
yakapangana gizani
kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati,
kila mmoja akimsogeza wa mbele kidogo,
kidogo tu.
Saa kumi alfajiri lipu ilitoka jasho.
Saa kumi na moja ukuta ulitoa tumbo.
Nilisimama na tochi ya simu
nikiuambia, subiri.

Ulianguka wote kwa pamoja, karibu kwa heshima,
ukaenda kupiga magoti kwa Mama Nyemo,
juu ya banda la kuku
na mistari miwili ya mizabibu.

Hakunitukana. Heri angenitukana.
Alisimama, khanga mabegani, tope hadi magotini,
akihesabu kuku kwa Kigogo, polepole,
na alipofika sita akaanza upya.

Ukuta wa sasa ni mawe matupu.
Umeuegemea mlima
kama mtu anayesukuma gari lililozimika.
Nyuma yake kokoto, na magunia yaliyofumuliwa
ili mchanga usiingie;
juu yake mtaro unayapokea maji ya mlimani
kabla hayajapata wazo lolote.
Ndahani alitoza bei ile ile.
Kuhusu ule wa kwanza hakusema neno,
ila nilipompa maji ya kunywa
alimwaga kidogo chini, akatazama yanakokwenda.

Ni Mama Nyemo aliyechagua mahali pa kutolea bomba.
Alikuja na fimbo, akachora mstari mchangani
hadi kwenye shimo lake alilolisakafia,
pembeni ya vipando vipya vya zabibu.
"Kama lazima yapite kwangu," akasema,
"yapite mlangoni."

Matundu ni saba. Mvua ikianza
sita yanadondosha, kila moja kwa mwendo wake,
hadi asubuhi, hata mvua ikishakatika.
La nne halijawahi kutoa tone.
Fundi anasema ni kawaida.
Mimi huamka usiku, nachutama mbele yake na tochi,
naingiza kidole.