Ukuta Uliopinda

Miaka tisa shamba la Handali
lililala na miiba yake.
Tuliingia Septemba, mimi na Nyemo,
panga moja, sululu ya kuazima,
dumu la maji tulilogombania na nyuki.

Kichaka cha mwisho, kanga akaruka.
Mayai kumi na moja.
Nikainua panga.
"Ndahani, huyo katangulia."

Basi uzio ukazunguka.
Nyumba ya tembe ikasimama, udongo juu ya fito,
ukuta mmoja umepinda kama kiwiko.
Fundi alicheka mpaka akashuka ngazi.

Sasa uwele umefika kiunoni.
Mlenda tunachuma mlangoni.
Alfajiri, kutoka kona tusiyoifyeka,
kelele zinaanza,
na sisi tunaamka
kama wapangaji.