Masafa

Mzekala aliingia dukani kwangu, Telavi,
na tope la mlimani viatuni,
akaweka juu ya kaunta boksi jeupe
lililoviringwa kwa kitambaa cha kuchujia jibini.
"Imeda ameituma," akasema. "Kutoka Chikago.
Haisemi."

Nikaifungua. Loo!
Kioo kama barafu ambayo bado haijakanyagwa,
kamera tatu, ubavu wa fedha,
simu ambayo mimi mwenyewe, muuza simu,
huitazama kwenye matangazo na kumeza mate.
Nikapachika laini yake ya miaka tisa.
Kioo kikaandika: laini hii haikubaliki.

Utamwelezaje mama mwenye kondoo mia nne
kwamba simu huzaliwa na kufuli?
Kwamba kampuni ya huko iliyomkopesha mwanawe
imeitia kamba mguuni,
na kamba haikatwi mpaka deni liishe,
miezi ishirini na miwili?

"Kumbe kanipa mbuzi," akasema,
"aliyefungwa kwenye zizi la mtu."

Nikamwambia, hata tukiifungua, mama, kuna jingine.
Mnara wenu, ule mmoja wa juu ya korongo,
hunena kwa masafa ya chini,
sauti nzito inayopinda majabali ikashuka mabondeni.
Hii nimesoma namba yake ya mgongoni, tarakimu kwa tarakimu:
haikufundishwa kuisikia sauti hiyo.
Hapa mjini itakuimbia.
Kwenu itakuwa kioo cha kujitazamia.

Alinyamaza. Nje lori likapiga honi.
"Masafa," akalirudia neno kama anayeonja chumvi.
"Nilidhani masafa ni kutoka hapa mpaka kwa Imeda."

Nikampangia simu sita kwenye kaunta.
Nakiri, mkono wangu uliisogeza mbele ile ya bei.
Hakuuliza kamera. Hakuuliza rangi.
Aliuliza:
"Shete alipovunjika nyonga kule malishoni, Septemba,
nilipanda saa nzima hadi kwenye jiwe linaloshika mtandao,
saa nzima, mvua ya mawe mgongoni.
Katika hizi, ipi ingenipunguzia lile jiwe?"

Kizuri chajiuza, wanasema.
Siku hiyo kizuri kilikaa kimya.
Nikaishusha rafu ya chini kabisa simu nene,
ya vitufe, ya kijivu, yenye sura ya kiatu,
bendi zote za mnara wao zimo,
betri ya wiki nzima,
na faida yangu ndani yake haifiki bei ya mkate.

Akalipa kwa noti zilizonuka moshi.
Ile ya Chikago akaifunga tena kitambaani.
Nikasema, iache, nitakutafutia mnunuzi.
Akanitazama kama mtu aliyetukanwa kidogo.
"Ukiiwasha, kabla haijakataa laini,
anatokea Imeda, kando ya ziwa, amenenepa.
Nina sola. Nitakuwa naichaji."

Siku tano baadaye, usiku, simu yangu ikalia.
Upepo kwanza, kisha mbwa, kisha yeye:
"Niko kitandani. Unanisikia?"
"Nakusikia, Mzekala."
"Vizuri?"
"Kama uko dukani."
"Basi,"
akakata.
Vocha ni vocha.