Kidaka cha Saba

Kibao cha USIGUSE nilikibandua kwa koleo.
Misumari mitatu ilitoka, wa nne ukagoma,
nikauacha ukutani kama jino la mkongwe.

Kisha nikapiga magoti
nikazunguka chumba kizima hivyo, futikamba mkononi,
maana hivi ndivyo Lamu ilivyo kwa mtu wa miaka sita:
kingo za meza, pindo za kanzu,
matumbo ya wakubwa wanaosoma maandishi.
Bwanaheri mlinzi akauliza, "Umeangusha nini?"
Kimo, nikamwambia.

Nilichora vidaka saba, usawa wa kitovu.
Cha kwanza karafuu. Cha pili udi.
Cha tatu ng'onda, na huyo
kamati ilimjadili saa mbili:
"Makumbusho yanuke?"
Yanuke. Kwani jiko la bibi yako lilinukaje?
Cha nne komeo la mti, ufunguo wenye meno kama kitana.
Cha tano siwa. Si yenyewe, yenyewe imelala kiooni;
hii kaichonga Fundi Skanda kwa mbambakofi,
akaijaribu mara moja tu karakanani,
punda wa mtaa mzima wakamwitikia.
Cha sita udongo wa kunakshi
(chokaa ya kweli huchoma vidole).
Cha saba,
fedha ziliisha.

Alhamisi wakaingia darasa la pili, thalathini na wanane.
Famau aliipuliza siwa mpaka mwalimu akakaa chini.
Komeo lilifunguka, likafungwa, likafunguka,
likamfungia ndani Shekue na kiatu cha mtu.
Ng'onda, kabla ya saa nne,
alikuwa keshaondoka na paka.

Mwanamkuu hakugusa kitu.
Asubuhi nzima mikono nyuma, kama mkaguzi.
Akasimama mbele ya kile kitupu.
"Hichi cha nani?"
Nilitaka kusema bajeti. Nilitaka kusema samahani.
Nikasema, "Hakina mwenyewe."

Akaingiza mkono mfukoni,
akatoa kifuniko cha soda kilichopondwa bapa,
matundu mawili, uzi umepita.
Akakivuta. Kikavuma
kama nyuki aliyekumbuka jambo.
Akakilaza kidakani, akaukunja uzi vizuri,
akageuka, akanitazama mimi, si wenzake:

"Kisiguswe."

Nikauangalia ule msumari.
Kibao, nashukuru, kilikuwa bado stoo.