Ukuta wa Kaskazini

Doña Eduvina aliingia dukani na kigae cha mbao kwapani,
amekifunga gazeti kama samaki.
Akakilaza juu ya kaunta, kijivu, kimepindika,
akasema: "Belarmino, huyu mgonjwa. Nipe dawa."

Hapa Achao mvua haina msimu, ina saa.
Alfajiri barafu nyembamba ndooni,
saa nne jua la kumenya ngozi,
saa sita mvua ya mawe inapiga mabati,
na alasiri upinde umekaa juu ya kanisa
kana kwamba hakuna aliyekosa.

Mimi ni muuza rangi. Nikamletea vanishi,
ile inayong'aa kuanzia kopo hadi bei.
"Miaka kumi," nikasoma, maana ndivyo ilivyoandikwa.
Akanitazama kama unavyomtazama mtoto
anayeapa kwamba hakugusa sukari
na chembe bado ziko mdomoni.

Akachukua vikopo vinne vya kujaribia.
Akapaka vipande vinne vya alerse,
akachora namba migongoni kwa msumari,
akavipigilia kwenye ukuta wa kaskazini.
Huku kwetu, chini kabisa ya dunia,
kaskazini ndiko jua linakosimama
na ndiko dhoruba inakotokea:
ukuta mmoja, maadui wawili,
na hawajawahi kupatana hata siku moja
ila katika kuupiga.

Mwaka ukapita. Aliporudi hakunisalimu.

"Namba moja, vanishi yako, imetoka malengelenge.
Maji yameingia kwa nyuma, yamejifungia humo
kama mpangaji asiyelipa.
Namba mbili, mafuta matupu yasiyo na rangi:
jua liliyamaliza kabla ya Januari,
kuvu ikafuata, nyeusi, imetapakaa kama wino.
Namba tatu, ile nzito ya kahawia:
haijambo. Haijambo kabisa.
Ila mti sikuuona tena."

Chukua hiyo ya tatu basi, nikamwambia, ulale usingizi.
Akanyamaza. Akakikwaruza kigae kwa ukucha.
"Nolberto alipigilia kimoja kichwa chini,
juu ya dirisha la jikoni.
Nilimcheka hadi akashuka ngazi amenuna,
hakula siku ile.
Hicho nataka niendelee kukiona."

Ikabaki namba nne:
mafuta yenye rangi hafifu, wekundu wa chai ya mkupuo wa pili.
Huingia ndani ya nyuzi, haikai juu kujionyesha.
Haibanduki; hufifia tu, polepole, kwa adabu,
na kila mwaka wa tatu hudai brashi upya.
Hakuna kukwangua. Sabuni, maji,
na siku mbili kavu mfululizo.

Siku mbili kavu! Tulicheka hadi mbwa akabweka.

Mpwa wake Wladimir, aliyekuwa mlangoni na mabuti ya kazini,
yananuka chakula cha samaki wa vizimba,
akasema: "Shangazi, paka nzito umalize kazi.
Una miaka sabini na mmoja."
"Nimeshapiga hesabu," akajibu, akitafuta pochi.
"Mara nne. Tano nikijaliwa.
Wewe ndiye utakayeshika ngazi."

Nilipita huko Februari, kupeleka misumari.
Nusu ya ukuta nyekundu, nusu bado kijivu,
na yeye chini ya upenu, brashi ndani ya mfuko wa plastiki,
anaisubiri mvua kama mtu anayesubiri mgeni amalize kusema.
Hakuwa ameanzia juu, wala pembeni,
kama ninavyomfundisha kila mteja.
Alikuwa ameanzia dirisha la jikoni.

Nami nimeandika kwa penseli, ukutani kwangu, juu ya simu:
nyekundu vijiko viwili, manjano kimoja, nyeusi tone.
Chini yake jina lake, na mwaka wa tatu kuanzia sasa.
Sijui kwa nini nilikaza sana mkono.